Kofia Isiyo na Kichwa

Mimi ndiye niliyebeba kikapu.
Juu nyuzi, sindano, kitambaa cha kofia kilichochorwa;
chini, karatasi iliyokunjwa mara nne
ikinuka karafuu kwa kulala sandukuni.
Nilikuwa na miaka minane na pengo mbili.

Somoye binti Lali hakuwa akitoka mchana.
Hakuhitaji. Mkomani ina wikio,
nyumba zimeshikana mikono juu ya vichochoro,
na mwanamke aweza kuanzia kwa shangazi
akaishia kwa adui wa shangazi
bila ukucha wake kugusa mtaa.
Njia hiyo ndiyo karatasi iliyotembea.
Wanaume walipita chini yake wakienda msikitini.

Tangazo lilibandikwa forodhani:
wanaume watachagua mtu wa kwenda barazani Nairobi.
Wanawake halikuwataja hata kuwakataza.
Hilo ndilo lililomuuma.
"Wangalinikataza ningaliwajibu," alisema,
"lakini mtu asiyekuona, wamjibuje?"

Akajibu kwa beti, kwa herufi za Kiarabu,
maana ombi la kawaida hufungiwa bizari dukani:

    Nyumba mulalazo zetu
    hati zina jina letu
    kodi hutoka kwa mtu
    mke, haina khiyari.

    Mukitaka ushahidi
    hutwita, hatuna budi
    kura ikija, idadi
    yetu hufanywa sifuri.

Chini ya beti, vidole.
Bi Shufaa alichovya chake katika piko, wino ulipokwisha.
Mke wa mwenye duka la mafuta alitia, akafuta,
akatia tena usiku mumewe alipolala.
Bi Zuena wa Langoni alikataa.
"Kura ni ya watu wasio na kazi," akasema,
akanipa kaimati nile njiani.

Liwali aliisoma, wanasema, mpaka mwisho,
akasifu vina.
Kisha akauliza: na uso?
Karani atamjuaje mtu ndani ya buibui?
Jibu nililikariri njia nzima nisilisahau:
"Mwambie, siku nilipomuuzia kiwanja
alinijua kwa sauti."

Kofia kumi na saba ziliuzwa kulipia simu ya Nairobi.
Kila neno lina bei;
tukaondoa "kwa unyenyekevu".

Miaka miwili. Barua tatu zisizojibiwa,
moja iliyojibiwa vibaya.
Kisha ruhusa, mistari miwili, haina hata salamu.

Na wiki sita kabla ya kura mumewe akafa.

Eda haina mjadala Mkomani. Miezi minne na siku kumi.
Waliokuja kumpa pole walimuuliza pia
karatasi inakunjwaje, sanduku linakaa wapi,
naye, bila wanja, bila mafuta nyweleni,
aliwafundisha kwa kopo la kahawa lililotobolewa.

Siku yenyewe nilikaa naye nyuma ya dirisha.
Chini walipita, buibui baada ya buibui,
na kila aliyefika mlangoni petu alishika pete ya mlango,
akaigonga mara moja, asiseme neno.
Somoye alikuwa na kofia mpya pajani.
Kila mgongo mmoja, tundu moja.
Hakulia. Mara moja sindano ilimchoma,
akanyonya kidole, kidole kile kile
ambacho wino ungekigusa.

Magharibi, matundu tisini na matatu.
La mwisho, aliniambia, la Bi Zuena:
amemjua kwa kikohozi.

Mnunuzi alikuja mwezi uliofuata, akaitaka ile,
akataja bei nzuri, akauliza ni ya kichwa cha kipimo gani.
"Haina kichwa," alisema Somoye kutoka nyuma ya pazia.
"Hiyo si kofia. Ni daftari."

Sasa ninayo mimi.
Nondo wameongeza tundu moja, karibu na ukingo.
Sijaliziba.