Dinari Yenye Tundu

Narbheram, sonara wa Matrah, hakutaja bei.
Kwanza aliizima feni ya mezani,
akaishika kwa ncha za vidole, kama aliyenasa kipepeo,
akauliza: "Hii mmeipata wapi?"

Bibi Zuwena alisema kaikuta kwa mumewe.
Babu, hadi anazikwa, alisema kaikuta kwa Bibi.
Sisi tuliijua shingoni tu,
kati ya riyali sita za fedha zilizoingia weusi,
ya saba, ya manjano, imetobolewa utosini.
Upande huu mwanamume kashika upinde.
Upande wa pili mwanamke kakaa juu ya ua;
watoto tulimwita Bi Harusi,
tukambusu kabla ya mtihani.

Sonara akaisugua ukingo kwenye jiwe jeusi,
tone la tindikali, akangoja.
Mstari haukufifia.
"Gramu saba na nukta nane. Hii ni ya babu mtu.
Wajukuu walikuja kutia fedha ndani,
wakaiacha sura ileile, upinde uleule."
Nikawakumbuka ndugu zangu kule Sib, barazani,
warithi saba na kikokotoo kimoja.

Akayafuata maandishi kwa ukucha.
"Sizisomi herufi hizi," akasema,
"ila nazijua, kama unavyomjua mtu wa ukoo wako
kwa mgongo, akiwa mbele yako njiani.
Wenyewe waliiita dinara."

Dinara!
Nikaligeuza mdomoni neno
nililodhani ni letu, la chuoni, la hesabu za mirathi,
nikalikuta na joto la midomo ya watu wengine.

"Kwa uzito wake, nakulipa leo hii.
Kwa umri wake, sina mizani.
Na hili tundu," akatikisa kichwa,
"hili tundu limeiua nusu ya thamani."

Mfalme si wetu. Ua si letu, wala yule Bi Harusi.
Tundu ndilo letu:
msumari wa nani, usiku gani, sijui,
lakini kingo zake zimelainika
kwa uzi, kwa jasho, kwa miaka ya shingo moja.
Nikaiinua jichoni. Kupitia utosi wa mfalme
nikaona kipande cha mizani,
na kidole cha Narbheram kikingoja.

Simu ikatetemeka. Ami Mhenna.
"Kasemaje?"
"Bado anapima," nikasema,
na uzi nilikuwa nao tayari mkononi.