Zamu ya Wanawake

Ukutani, kwa mkaa, mtu ameandika:
wanawake saa tatu hadi nne, wanaume nne hadi tano.
Zarbegim, mshika ufunguo, ana saa ya mezani
aliyoifunga kwa kamba shingoni,
na haiamini.
Huchungulia kivuli cha mlima ng'ambo ya mto,
kule Afghanistan, kikishuka hadi kwenye zizi la mbuzi;
ndipo hufungua.

Nimekuja na mama mkwe.
Goti lake la kulia linagombana na ngazi tangu Novemba.
Nimenyoosha mkono, naye ameshika ukuta,
maana Savsan haegemei mtu,
hata barafu inapomkumbusha.

Ndani, mvuke. Harufu ya yai viza na ya jiwe.
Kuta nyeupe zimejijenga zenyewe, tone juu ya tone,
kama nta ya mshumaa uliosahaulika.
Tunavua: koti, sweta, sweta la pili,
soksi za sufu zenye maua mekundu
aliyoyafuma kabla hajajua jina langu.
Miaka saba nalala chini ya dari lake
na sijawahi kuuona mgongo wake.
Una kovu jembamba kama uzi, toka bega hadi kiunoni.
Siulizi. Hasemi.

Maji yanaunguza.
Unaingiza kidole cha mguu, unakitoa,
unamtaja Mungu, unakiingiza tena.
Vikongwe wawili wa bonde la juu wanatucheka;
wamezama hadi kidevuni, wekundu kama nyanya,
wanajadili bei ya unga.

"Geuka."
Nageuka.
Mkono ule ule unaoonja chai yangu ya maziwa kila asubuhi
na kuuliza kama chumvi nimeimwaga au nimeisahau,
sasa umeshika kitambaa kigumu
na unanisugua mgongo
kama anayeosha sufuria ya kuazima.

"Amekupigia?"
Moscow ni mbali; humu ndani ni mbali zaidi.
"Tangu majani yapukutike, hapana."
Kitambaa kinasimama. Kinaendelea.
"Mimi alinipigia. Jumanne.
Aliuliza kama nimetuma maji."

Maana kila mwaka hujaza chupa moja hapa,
huifunga kwa plastiki na kwa dua,
humpa dereva anayeshuka Dushanbe,
na maji haya, yaliyotoka tumboni mwa mlima yakitokota,
hufika kule baridi kama ya bomba,
naye huyapaka mgongo uliochoshwa na mifuko ya saruji.
Mgongo huo, nimesikia, sasa una mwingine wa kuupaka.
Nilisikia kwa wifi yangu, akidhani nimelala.
Sikusema. Nilidhani nimeubeba peke yangu.

"Nilimwambia," anasema nyuma yangu,
"mwaka huu chemchemi imekauka."

Haijakauka. Inabubujika kati ya miguu yetu,
inatutekenya nyayo bila adabu.
Mmoja wa vikongwe ameacha bei ya unga,
anatazama dari kwa makini
kama mtu asiyesikia.

Ufunguo unagonga mlango.
Nje wanaume wanakohoa ili tujue wapo.
Tunavaa juu ya ngozi mbichi; soksi zinakataa visigino.
Ndipo anaitoa chupa mfukoni mwa koti,
anainama kwa goti lile lile, anaizamisha,
inagugumia kama ndama.
Ananikabidhi mimi.
"Weka. Nawe utazeeka.
Magoti hayaulizi mume yuko wapi."

Njiani juu nywele zangu zimeganda,
zinagongana kama shanga.
Chupa ni ya moto bado, nimeibana ubavuni.
Kwenye ngazi ya tatu Savsan anasimama,
anautazama mlima kana kwamba unamdai,
kisha anauweka mkono begani mwangu,
mkono wote, na uzito wake.

"Taratibu," anasema.
Na hatua mbili baadaye:
"Chumvi ya leo asubuhi, lakini."