Ruka Fundo

Kamba yangu ya kupandia ilikuwa ya wavu wa sangara.
Shemeji Luhende aliitupa pale mwaloni Kahangara
ilipochoka. Nikaiosha, nikaianika,
nikaifunga fundo kila sentimita thelathini
kwa rula ya mtoto wa darasa la tatu
iliyovunjika penye kumi na saba.
(Mafundo mengine yalipepesuka kidogo.
Mahindi hayakulalamika.)

Shemeji alicheka. Yeye hupanda kwa unyayo:
hatua, shimo, punje nne, fukia.
"Moja ya kunguru, moja ya mchwa, mbili zangu."
Mwaka ule kunguru hawakuja.
Zikaota zote nne, zikasimama shimoni
kama watoto wanne na shuka moja:
huyu akivuta huku, yule miguu nje.

Udongo wetu ni luseni,
unapokea mvua kama kiganja kilichotanua vidole.
Hauweki akiba.
Baba mkwe aliulimia pamba miaka ishirini,
na pamba ilipoondoka
haikuacha hata ya nauli.

Wiki ya tano shamba la Luhende likabadilika rangi.
Njano ilianzia jani la chini kabisa, nchani,
ikateremka katikati kuufuata mshipa.
Mmea wenye njaa haupigi kelele,
hulipokonya jani kongwe ukalishe changa.
Kwa hiyo usidanganywe na kilele cha kijani.
Inama.
Njaa ya nyumba huonekana kwa bibi
anayesema ameshiba.

Ng'ambo ya mpaka, Mwalimu Nyanzobe alikuwa na fedha za kikoba.
Mfuko mzima wa urea kwa robo eka, akaumwaga juu juu bila kufukia,
na mashina yake yalikaa mbali mbali
hata ng'ombe angegeuka katikati bila kugusa jani.
Mahindi mawili kila shina, manene kama mkono wa mpiga makasia!
Ukilishika moja unapiga kigelegele.
Ukipima kwa debe unanyamaza.
Palipobaki wazi, magugu yalikula mbolea yakacheua,
na mvua ya Januari ikachukua iliyosalia,
mferejini, korongoni, ziwani.
Februari magugu maji yalichanua zambarau pale mwaloni
mpaka mitumbwi ikasukumwa kwa mabega.
Sisemi ilikuwa mbolea yake.
Nasema ziwa halijawahi kukataa chakula.

Mimi niliuza beberu, nikapata kilo ishirini.
Fundo moja, shina moja.
Nusu kizibo cha soda mahindi yalipofika magotini,
nusu kizibo kabla mbelewele haijachungulia,
kando ya shina, udongo ukiwa na unyevu,
na kufukia palepale, kwa kuwa urea ikipigwa jua
hupaa zake kama harufu ya mkojo wa mbuzi,
nawe umebaki unanusa hela yako.

Mistari ilikuwa arobaini na miwili.
Mbolea iliishia wa thelathini na nane.
Minne ya mwisho ilikuwa na kamba ileile,
mbegu ileile, mvua ileile, jembe langu lilelile,
ikazaa mahindi yenye mapengo,
vibogoyo,
na mashina mengine hayakuzaa kitu, yalisimama tu.
Siku ya kuvuna niliikalia mistari hiyo muda mrefu
kuliko ile iliyojaa.

Robo eka yangu: magunia manne na debe mbili.
Mwalimu: mawili na ushei.
Shemeji: moja na nusu, na mabua tele.
Ng'ombe wake walinenepa, hilo nakiri.

Oktoba akaja jioni, mikono nyuma,
akaongea habari za bei ya dagaa,
akaongea habari za goti lake,
halafu: "Ile kamba yangu bado ipo?"
*Yangu.* Nikamletea.
Akayapapasa mafundo mmoja mmoja kwa kidole gumba.
"Punje ngapi hapa?"
"Moja. Una mbolea?"
Akatazama ziwa.
"Sina."
"Basi panda fundo hili,
ruka linalofuata."

Akaihesabu tena, polepole,
akiruka.