Harufu Ndiyo Iliyomwambia

Si moto uliomwambia mama kwamba anaungua.
Ni harufu.
Alikuwa ameinama ndani ya jiko la udongo,
kichwa chini, kisigino kimoja hewani,
kama alivyoinama miaka hamsini na mmoja
kwenye uchochoro wetu hapa Kutaisi,
akibandika donge ukutani kwa kofi moja.
Akanusa. Akasema, "Eteri, kuna mkate unaungua."

Hapakuwa na mkate bado.
Ulikuwa mkono wake, chini kidogo ya kiwiko,
ngozi imejikunja kama karatasi iliyofungia sukari.

Aliyepiga kelele ni mimi.
Yeye aliutazama mkono ule
kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya jirani.

Nilipokuwa na miaka tisa
cheche moja ilimrukia kidole cha shahada.
Alitukana hadi kasisi, aliyekuwa wa tatu kwenye foleni,
akageuka kutazama mto.
Ngozi ile ilikuwa na masikio.
Ilisikia punje ya chumvi penye mchubuko,
ilisikia sindano kabla haijatoka kwenye kikebe.

Sasa imekuwa kiziwi.
Unaibishia hodi mara tatu
ndipo iulize, taratibu, bila kuinuka: nani?

Badri wa zahanati, kijana mwenye viatu vyeupe,
alimfunga bendeji akieleza:
njia za habari ndogo huchakaa, bibi,
za moto, za kisu, za maji yachemkayo;
zikifika, zimechelewa, na kazi imeshafanyika.
Kisha akatoa kalamu.
"Kutoka sifuri hadi kumi, maumivu ni mangapi?"

"Ya mkono? Hayapo."
"Na mengineyo?"
Mama akacheka kwa pua.
"Nilipokuwa na umri wako, jino tu ningekupa tisa.
Leo jino lilelile chukua mbili, urudishe chenji.
Lakini goti, mwanangu. Goti ni mpangaji.
Hodi hakupiga, kodi halipi,
na saa nane za usiku anasogeza makabati."
"Nambari, bibi."
"Kitanda usichokilalia," akasema mama,
wala hakuimaliza.
Badri akaandika nne.

Nne!
Mimi ndiye ninayelala chumba cha pili.
Nimemsikia akiliambia goti taratibu, kama mtoto wa homa:
lala, lala, kesho kuna magunia sita ya unga.
Nimemsikia akitaja mwaka wa theluji kubwa,
alipoanguka na ndoo mbili, akainuka, akaendelea na safari.
Siku ile hakusikia kitu, anasema.
Deni lilikuwa likijiandika lenyewe.

Basi sasa jikoni naingia mimi.
Nina miaka hamsini na sita na sijui kupiga kofi sawasawa;
mikate yangu inadondoka kwenye makaa,
na wateja wanainunua kwa huruma, wakiikung'uta majivu.
Mama anakaa kwenye kreti ya soda, bendeji kifuani,
akinisahihisha kwa kidevu.

Jumanne ukingo wa jiko ulinishika kifundo cha mkono.
Nililia. Nilitaja watakatifu niliowajua na wengine nikawabuni.
Mama aliinuka, goti likaguna,
akanivuta hadi kwenye bomba, maji ya Februari,
akakishika kifundo changu kwa vidole vyake visivyosikia
baridi ile iliyokuwa ikinikata mimi mpaka mfupani.

"Inauma?"
"Inauma, mama! Huoni?"
"Inauma vipi?"
Alikuwa ameniinamia karibu sana, unga kwenye nyusi,
akinitazama mdomo
kama mtu aliyeondoka kwao zamani
na sasa amekutana na msafiri atokaye huko.
"Usiwe na haraka," akasema.
"Anza mwanzo. Inaanzaje?"