Mengineyo

Fomu ya makao makuu ina visanduku vinne:
umeme, mtandao, mashine, mtu.
Cha tano kimeandikwa Mengineyo, na mstari mfupi kama kidole.
Hapo niliandika: nyuki.

Saa mbili na dakika arobaini, siku ya malipo ya tumbaku,
foleni imeshavuka geti, imepinda kuelekea Isevya,
watu wa Ndono na Sikonge, risiti zimekunjwa ndani ya soksi,
chumba cha seva kikaanza kuhema.
Kiyoyozi kinanguruma, hakipozi.
Nyuzi thelathini na nne. Thelathini na tisa.
Taa zikafumba moja moja, kwa adabu, kama nilivyozifundisha.

Nami nilikuwa nimejiandaa! Mihambo, mtu wa ratiba:
jenereta lina dizeli, betri nimezipima Jumamosi,
nakala ya data iko Nzega, laini ya pili imelipiwa.
Kila mlango wa balaa nimeuwekea bawabu.
Kumbe balaa lilikuja na mabawa,
likaning'inia nyuma ya ukuta, kwenye feni ya nje,
kahawia, zito, mfano wa ndevu.

Dirishani Kalunde hakuuliza mfumo utarudi lini.
Alitoa daftari, akapuliza vumbi.
"Jina. Namba. Kilo ngapi? Sahihi hapa, au dole gumba."
Laki mbili kwanza kila mmoja, nyingine mchana.

Katikati ya foleni akachomoka Nyanzala, sweta kiunoni,
akaomba boksi la printa na mchaichai wa mlinzi.
Akaufikicha ndani ya boksi. Akaketi.
Nikamwambia hatuna muda.
"Namtafuta mmoja tu. Akiingia huyo, wengine hawangoji amri."
Nikawaza: seva moja, kiyoyozi kimoja. Nikanyamaza.
"Mzingani," akaongeza, "hupepea kwa zamu usiku kucha,
nta isiyeyuke. Nyie hapa, nani anapepea?"

Saa saba kasoro dakika moja, mfumo ukaamka.

Saa nne, dakika kumi na tisa.
Nikazitoa kwenye saa mia saba na ishirini za mwezi:
upatikanaji, asilimia tisini na tisa nukta nne.
Lengo ni nukta tano.
Wakanipigia. "Nyuki? Bwana, weka umeme."

Sijaweka.
Nimeweka wavu wa waya, na kiyoyozi cha pili
nilichokiomba tangu masika.
Daftari la Kalunde lina rafu yake kando ya seva,
na kalamu mbili, maana kalamu nayo huzimika.
Kurasa kumi na nne, watu mia moja na sita,
kila mmoja na shilingi zake mkononi.
Katika hesabu yangu wote hao
ni saa ambazo hatukuwepo.

Boksi liko Sikonge. Nyanzala anasema limeshaanza kuwa zito.
Ubavuni bado limeandikwa: usigeuze juu chini.