Sitini na Nane

Mwakio, siku hizi nane nitakazokuwa Wundanyi
usifungue sanduku la Baba kila anapoomba.
Mara moja tu, asubuhi, kabla jua halijalifikia
dirisha linalotazama barabara ya Mumias.
Februari hii imepasua hata sabuni bafuni,
itaacha majani ya tumbaku?

Zimo sigaa kumi na moja. Zihesabu.
Alipewa ishirini na tano siku aliyostaafu hotelini,
na mgeni ambaye miaka yote
alimwita kwa jina la mhudumu mwingine.
Alizipokea kwa jina hilohilo, akashukuru.

Sanduku alichongewa na Nzomo wa Gikomba,
mvule kwa nje, mtarakwa kwa ndani,
na mwezi wa kwanza lilimwaibisha:
lilikunywa. Mbao kavu haina adabu, ndugu yangu.
Usipoinywesha wewe
itajinywea ulichoipa ikutunzie.
Tulilipangusa kwa kitambaa chenye unyevu siku tatu, likiwa tupu,
kama unavyomshibisha mlinzi
kabla ya kumwachia ghala.

Sasa kipimo. Mshale usimame sitini na nane.
Ukishuka sitini, jani linaanza kusahau mafuta yake.
Ukipita sabini na tano utaona ndevu nyeupe za kuvu,
na hapo umeshachelewa.
Wala usikiamini kwa sababu ni cha shaba.
Tia chumvi kwenye kizibo cha soda,
matone machache, iwe kama uji uliolala,
uifungie pamoja na kipimo ndani ya kopo la siagi
hadi kesho yake. Kikisoma sabini na tano, ni mkweli.
Mwaka jana kilisoma sabini na moja.
Miezi mingapi kilitudanganya, tena kwa upole,
sijui.

Maji ni yaliyokenekwa, ya duka la dawa.
Si ya bomba, yataziba sifongo kwa chokaa.
Si ya betri, yale ya kituo cha petroli.
Sanduku pengine lingeyavumilia,
lakini dumu ni moja, Mwakio,
na chupa ya ile mashine ya hewa
inayonguruma kando ya kitanda chake
hujazwa kutoka dumu lilo hilo.
Mashine kwanza.
Sifongo baadaye, ulikamue mpaka lisidondoshe.

Najua unachotaka kusema. Nilikisema mimi kabla yako,
kwa sauti, majirani wakasikia.
Nililibeba sanduku hadi mlangoni nikalitupe.
Hakunizuia. Aliuliza tu:
«Huko nje ni asilimia ngapi?»
Nikarudi nalo.

Havuti. Mwaka wa sita huu.
Kiberiti hakiingii chumba kile, hata cha udi.
Chagua moja, mpe ashike.
Ataiminya taratibu karibu na sikio:
ikinyamaza, ni nzima.
Ikilia kama jani kavu la mgomba
atakutazama wewe, si sigaa.
Kisha ataipitisha chini ya mrija wa puani
na kuinusa kwa pumzi ndefu,
zile ambazo kwa daktari husema hana.

Utakuwa na namba mbili kila asubuhi,
ya kidoleni na ya sandukuni.
Usizichanganye daftarini.
Nilizichanganya siku moja, nikasoma Baba ni sitini na nane,
nikashuka ngazi mbiombio, miguu mitupu,
nikiita teksi isiyokuwepo.

Yeye ataulizia moja tu.
«Ngapi?» atasema, macho kayafumba.
Mpe ya sanduku, na umpe kweli
hata kama usiku iliteremka.
Ile nyingine ikiwa chini ya tisini
nipigie mimi.

Ufunguo umo ndani ya kopo la majani ya chai, chini kabisa.
Anajua ulipo.
Usimwonyeshe kuwa tunajua anajua.