Kalenda ya Barabara ya Kumi na Nne

Nyumbani kwetu Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
juu ya kabati la vyombo visivyotumika,
ilitundikwa kalenda ya mwaka sabini na nne.
Haikupinduliwa tena tangu Desemba.
Nesi wa Kiingereza, siku anarudi kwao,
ndiye aliyempa baba: picha ya kanisa kubwa,
mnara umechongoka kama sindano ya magunia,
chini yake majani mabichi, na kondoo
weupe kuliko kondoo yeyote aliyewahi kupita Tanga.

Baba aliwaambia wageni
kabla chai haijapoa:
"Hilo, marehemu baba ndiye aliyelijenga."
Wageni wakatikisa vichwa. Sisi watoto vikatuvimba.
Shuleni nilimpiga Zawena kofi kwa ajili ya mnara ule.

Jumamosi nimekwenda Magila.
Baba yuko Bombo, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani.
Aliniagiza: "Kaniangalie kama limesimama."
Sikumuuliza lipi.

Muheza nikashuka, nikapanda bodaboda
ya kijana aliyevaa koti la mvua juani.
Vumbi jekundu, michungwa huku na huku,
machungwa mafungu kwa mafungu kando ya njia,
mengine yameshaoza yakisubiri lori.
Mlima Mlinga umejifunika ukungu hadi mabegani
kama mgonjwa wa homa asiyetaka maneno.
Kondoo sikuona. Palikuwa na mbuzi mmoja
amefungwa kwenye nguzo ya umeme,
ananitazama kama karani anayetaka kufunga ofisi.

Kanisa ni la mawe, kweli.
Limekaa chini kama mama aliyetua mzigo.
Ile sindano haipo.
Ndani mna ubaridi wa mtungi,
na Elfrida Semkiwa, mshika funguo,
anafagia kinyesi cha popo
huku simu ameibana begani, anagombana na fundi cherehani.

Alipokata simu nikamtajia jina: Hozza, mwashi.
Akacheka, si kwa ubaya.
"Dada, kanisa hili limezeeka
babu yako hajazaliwa. Piga hesabu."
Nikapiga. Vidole vyangu mwenyewe vikanisaliti.

Akanionea huruma, akatoa sandukuni daftari la matumizi
lililotobolewa na mchwa ukurasa hadi ukurasa.
Tukatafuta mpaka adhuhuri.
*Hozza, fundi. Ngazi za nyuma. Shilingi kumi na mbili.*
Basi. Mstari uliofuata ulikuwa wa mafuta ya taa.

Nikazunguka nyuma.
Ngazi tatu. Ya kati imelika
kwa miguu ya watu nisiowajua,
imekuwa kama bakuli, na ndani yake
maji ya mvua ya jana, na siafu mmoja anayeogelea.
Nikaketi. Nikapitisha ukucha
kati ya jiwe na jiwe.
Haukuingia.
Nikajaribu pale, na pale, na kule pembeni
ambako fundi mvivu huficha uvivu wake.
Haukuingia.

Nikawaza: huko nako, kwa kondoo weupe,
labda kuna binti wa mtu
aliyekwenda kumtafuta babu yake mnarani
akaonyeshwa mfereji.

Jioni Bombo, harufu ya dawa na wali wa wagonjwa.
"Limesimama?"
"Limesimama."
"Na mnara?"
Nikamwekea chungwa kiganjani.
Nikasema: "Baba, ukucha hauingii."

Akanyamaza. Akalinusa chungwa, akaligeuza,
akatazama dirishani kama mtoto aliyekutwa jikoni
na sukari mdomoni.
Nesi akaja, akapima joto, akaandika, akaenda.

"Zilikuwa nne," alisema.
"Moja wameifukia."